Risasi za Polepole

Drumlea, Maniototo
9 Juni 1991

Mjomba Ewart,

Kabla hujauliza: mbwa mzima, bomba la jikoni liliganda likapasuka na nimelifunga kwa mpira, na hapana, sijakalia kiti chako. Muuguzi aliyepokea simu aliniambia nyonga inaunga vizuri ila unakataa kushika gongo mbele za watu. Shika gongo, Mjomba. Huko Dunedin nani anakujua hata umwonee haya?

Lililonikalisha mezani niandike ni hili. Bi Haddow alishuka jana kutoka nyumba kubwa mpaka mlangoni kwetu, akakataa chai, nikajua tumeharibikiwa. Anasema mlima wa nyuma umebaki ngozi tupu, na kweli umebaki ngozi tupu. Sungura wamekula nyasi, wamekula mizizi ya nyasi, sasa wanatafuna magome ya vichaka vya miiba, na kondoo wake wanazunguka mawe kama wageni waliosahauliwa kukaribishwa. Amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Nikiusafisha kwa bunduki, sawa. Nikishindwa, anaita ndege imwage karoti zenye sumu mlima mzima, na mbwa yeyote atakayeonja mzoga ajiandae kwa safari.

“Ewart amepiga sungura mlima ule miaka thelathini,” aliniambia, “na kila mwaka sungura ni walewale. Wewe una nini ambacho yeye hana?”

Nikamwambia nina hasira. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo, lakini nalitafutia la pili, na nadhani nimelipata: shida ni risasi zako.

Umeniachia kabati zima la zile za kasi. Nalala kifudifudi saa tisa alasiri, wakati wanapotoka kuota jua, napiga mmoja, anakufa bila kujua kilichompata. Halafu ule mlio, paa! unapiga huku mlimani unarudi kule, na wengine wote wamezama shimoni. Nakaa juu ya barafu saa nzima namngoja wa pili. Kizuia sauti kiko mtutuni, lakini hicho kinameza mlipuko tu. Risasi yenyewe ikiishinda sauti mbio huko hewani inapiga kelele yake, na hiyo hakuna wa kuizuia.

Pettigrew ana zile za polepole dukani, zenye tundu kichwani. Nataka kuzijaribu. Nakuuliza kwanza kwa sababu bunduki ni yako.

Mpwa wako,
Rhona

*

Dunedin
16 Juni 1991

Rhona,

Gongo nimempa bwana wa kitanda cha pili. Anafukuzia wauguzi, kwake lina kazi.

Jibu ni hapana. Risasi ya polepole inaanguka kama soksi iliyolowa. Umpige sungura mita sabini, ulenge juu ya masikio yake kana kwamba unampigia malaika wake, na upepo wa mlima ule ukivuta kidogo tu umempiga tumbo. Sungura aliyepigwa tumbo anaingia shimoni kufia huko kwa siku mbili. Mimi sikukufundisha hivyo. Zile za kasi zinakwenda mahali unapoziangalia. Nimeuvaa mlima ule wewe ungali kwenye nepi, na kama kungekuwa na risasi bora zaidi ningekuwa nimeshaijua. Za polepole ni za kutungulia makopo kwenye maonyesho ya kijiji.

Na huyo Colleen Haddow asikutie presha. Marehemu mume wake alikuwa na hotuba hiyohiyo kila masika, nami nilimsikiliza kila masika, nikaenda kula. Ndege ikija, ije. Wengi watakufa, wachache watabaki, na wa kuwapiga hao wachache lazima atafutwe. Wewe mfunge mbwa mpaka mvua zisafishe mizoga, kisha endelea na kazi. Haraka haraka haina baraka, na hapo Drumlea, tunapokaa kwa ajili ya kazi tu, haina nyumba pia.

Daktari anasema Oktoba. Chumba changu kiwashiwe moto wiki moja kabla, ukuta wa kusini unashika unyevu.

Ewart

*

Drumlea
30 Juni 1991

Mjomba,

Nimekuasi. Nikuambie mwenyewe kabla Pettigrew hajakuandikia.

Nilinunua aina tatu. Nilipigilia karatasi kwenye robota la majani nyuma ya banda la kukatia manyoya, mita hamsini, bunduki nimeilaza juu ya gunia la ngano ili lawama isije ikaniangukia mimi. Hizi ndogo zinazogongwa ukingoni mwa kitako si kama risasi za kulungu ambazo mtu anajaza baruti mwenyewe jikoni kwake. Hapa unakula ulichopikiwa na kiwanda. Kwa hiyo unaonja, unauacha mtutu uchague.

Zile zako za kasi zilitawanyika upana wa sahani ya chai. Mtutu wako hauzipendi, Mjomba. Umezimeza miaka thelathini kwa heshima tu. Aina ya pili, ya kichwa kizima kisicho na tundu, ilitulia zaidi, lakini mlimani nilimpiga nayo sungura mmoja, ikapita katikati yake, ikagonga jiwe na kuondoka ikilia kuelekea kwa kondoo. Nikaiweka pembeni.

Za polepole zilinitia aibu mwanzoni. Kumi za kwanza zilikwenda kila mahali, nikataka kuzirudisha. Pettigrew akacheka, akasema mtutu bado umeshika nta iliyopakwa zile risasi za zamani, uache uvae nta mpya kwanza. Nikaendelea. Baada ya hapo, Mjomba, matundu matano yalikaa chini ya sarafu moja, nikarudia, yakakaa tena. Siku za barafu nabeba boksi ndani ya shati, maana nta ikiganda inakuwa na mambo yake.

Jana nikapanda nazo. Sipigi zaidi ya mita hamsini na tano. Kilichozidi hapo natambaa. Suruali zimetoboka magoti yote mawili. Nilimpiga wa kwanza pale kwenye miamba ya mabamba. Kilichosikika ni kama mtu anapiga mto wa kulalia. Akalala. Aliyekuwa naye ubavuni akamtazama, akaendelea kula! Nikampiga na yeye. Nikawapiga tisa pale nilipolala, na hakuna aliyenyanyua kichwa. Hakuna aliyetambaa na jeraha. Nilicheka peke yangu mpaka mbwa akaona haya, kisha nikalia, sijui kwa nini.

Najua unachowaza. Unawaza binti kapata bahati. Unawaza mwanamke hawezi kukufundisha mlima wako. Basi njoo Oktoba uone.

Rhona

*

Dunedin
8 Julai 1991

Rhona,

Uanamke wako hauhusiki na usiutie. Mama yako alinishinda kulenga tangu tukiwa watoto, na nilimwambia hivyo akiwa hai, jambo ambalo ndugu wengi hawafanyi.

Nasema acha. Rudisha hizo risasi dukani. Piga upande wa mashariki tu, piga kidogo, ongea na Bi Haddow vizuri, mwonyeshe mizoga nyuma ya pikapu kila Ijumaa ili macho yake yashibe. Mizoga kwenye gari ina sauti kuliko mlima mtupu. Majike yenye mimba mwezi wa Agosti usiyasumbue, ni mazito, hayana faida.

Unalima shamba zima kwa siku moja, kesho utalima nini?

Usinijibu kwa kiburi. Nyonga inauma na chakula cha hapa hakina chumvi.

Ewart

*

Drumlea
19 Julai 1991

Mjomba,

Barua yako niliisoma mara tatu nikaona inanuka, sikujua inanuka nini. “Majike yenye mimba hayana faida.” Mtu anayetaka sungura waishe anaanza na jike lenye mimba. Hilo hata mtoto wa shule anajua. Nikaikunja nikaiweka.

Juzi nikaenda kupanda vitunguu saumu. Nimechelewa, najua, siku ya Juni iliyo fupi kuliko zote imeshapita na wewe huwa umeshapanda asubuhi yake. Nilichimba pale chini ya dirisha la jikoni, kando ya kabichi zako. Jembe likatoa maganda ya risasi. Nikachimba tena, maganda. Nikakaa chini nikachambua udongo kwa vidole kama mama anayechagua mchele. Mamia, Mjomba. Meusi kwa miaka. Na kila ganda lina alama ileile kitakoni, alama ya boksi ambalo wewe uliniambia ni la kutungulia makopo.

Nikaenda kwa Pettigrew. Sikumzunguka. “Mjomba wangu alikuwa ananunua risasi zipi?” Akanitazama kana kwamba nimeuliza mvua inatoka wapi.

“Za kasi kwa mlima,” akasema, “na boksi moja la polepole kila mwezi. Za kabichi. Alisema kwenye kabichi hataki mzaha.”

Kwenye kabichi hukutaka mzaha!

Nimeishi kwenye nyumba hii tangu nina miaka minne na sijawahi kuona jani moja la kabichi lililoumwa. Sungura hawakuwahi kuvuka uzio wetu. Nilidhani ni mbwa. Kumbe ulikuwa umekaa hapa dirishani na chai yako, unawapiga kimya kimya na risasi ninazozitumia mimi, hakimbii hata mmoja, na kesho yake unapanda mlimani na zile za makelele, unapiga mmoja, unawapigia kengele wengine wote washuke chini wazaliane.

Ulijua. Hukukosea risasi. Hujawahi kukosea risasi maishani mwako. Nilitaka kukufundisha kitu ambacho ulikijua kabla sijazaliwa, na ulikuwa unanitazama kutoka Dunedin nikihangaika.

Nijibu. Na usiniletee habari za nyonga.

Rhona

*

Dunedin
26 Julai 1991

Rhona,

Ndiyo.

Ulitaka neno hilo, umelipata, na usilitafutie aibu nyuma yake kwa sababu haipo.

Sasa kaa kwenye kiti changu, nimekuruhusu, usome hili mpaka mwisho. Babu yako, baba yangu, alikuwa mwinda sungura bora kuliko sisi sote. Shamba alilofanyia kazi lilikuwa ng'ambo ya safu ya milima, silitaji jina, waliokuwa nalo wameshakufa. Alipiga, akatega, akafukua mashimo, akaziba, na kwa majira mawili ya baridi akalimaliza eneo lake. Mwenye shamba alimpa mkono, akampa paja la kondoo, akamwambia nyumba inahitajika kabla ya kukata manyoya. Tulipanda mkokoteni watoto watano. Mama yako alikuwa wa mwisho, alikuwa na kikohozi, na tulilala kwenye banda la watu mpaka kikohozi kikahamia kifuani na kikakaa huko maisha yake yote. Unajua kilimalizia wapi.

Wakubwa wa kazi hii walikuwa na neno lao: acha mbegu. Mkulima anaacha mbegu, hakuna anayemwita mwizi. Mimi niliacha mbegu. Nilimpa Haddow sungura wake waliokufa kila Ijumaa na nikamwachia walio hai wa kutosha ili anihitaji Ijumaa nyingine. Kwa mbegu hiyo mama yako alikufa kitandani kwake na si bandani kwa watu. Kwa mbegu hiyo wewe ulikwenda shule ukarudi na mdomo huo.

Na chaguo la risasi lilikuwa kazi, usifikiri ni uvivu. Risasi mbaya kabisa wangenishtukia. Nilihitaji inayoua anayepigwa na kumwonya asiyepigwa. Nilitafuta mwaka mzima.

Ungali na muda. Bado wapo wa kutosha. Weka za polepole kabatini, Rhona.

Ewart

*

Drumlea
4 Agosti 1991

Mjomba,

Nilimwona Mama kwenye ule mkokoteni kila nilipofumba macho. Nilikasirika kwa ajili yake, na kwa ajili yako, na sikupata wa kumkasirikia aliye hai.

Kisha nikaenda nyumba kubwa nikamuuliza Bi Haddow wazi, maana nimechoka na mambo ya kunong'ona. Alikuwa anapaka siagi mikate ya jibini. Nikamwambia, “Mlima ukiwa safi mwisho wa mwezi huu, nyumba yetu ya kijitoni inakuwaje?”

Hakuficha, hilo namsifu. “Mlima ukiwa safi sihitaji mwinda sungura, Rhona. Nahitaji mjenga uzio, naye ana mke na mapacha. Pole.”

“Na Mjomba?”

“Ewart anapendwa hapa,” akasema, na akaendelea kupaka siagi.

Nikamwambia basi amwambie mjenga uzio afungashe, kwa sababu mlima utakuwa safi. Akaacha kisu juu ya meza. Nadhani alidhani nimekuja kuomba.

Nakuambia na wewe kwa maneno yaleyale ili usije ukasema nilikuzunguka. Naendelea. Nikimaliza, nyumba yako inakwenda. Chumba chako, kabichi zako, ukuta wa kusini na unyevu wake. Najua unalala huko ukihesabu kurudi. Inaniuma, na inaniuma zaidi kwamba mkono utakaofanya ni wangu.

Lakini nilipita juzi kwenye ule mteremko nilioanzia Juni. Kuna kijani, Mjomba. Vichipukizi vya nyasi za vishungi, vifupi kama ndevu za mvulana, mahali ambapo tangu nina akili nimeona vumbi tu. Nilipiga magoti nikavishika. Sikujua kwamba mlima ule una rangi. Miaka yote nimedhani umezaliwa mgonjwa, kumbe ulikuwa na daktari anayefuga kidonda ili asifukuzwe kazi. Na daktari huyo alinilea na nilikuwa nakula kwenye kidonda hicho.

Ulifanya kwa ajili ya Mama. Sawa. Ningefanya vilevile, huenda. Mama hayupo sasa, na mimi sikohoi. Sitaacha mbegu.

Nakupenda na sitakutii.

Rhona

*

Dunedin
10 Agosti 1991

Rhona,

Unadhani unakaribia kumaliza. Hukaribii.

Nimelala na hili wiki nzima na sasa nalitoa, kwa sababu nakujua: utakapomaliza huo mlima unaouona, utajisifu kwa Bi Haddow na funguo mkononi, halafu kiangazi sungura watatokea tena, na mtatupwa nje wewe na sifa zako kwa ajili ya kazi ambayo hata haikuisha. Hilo silitaki.

Juu ya kibanda cha mawe kuna mfereji wa zamani wa wachimba dhahabu. Ufuate upande wa kushoto mpaka unapoonekana umekufa kwenye kichaka cha waridi mwitu. Haukufa. Nyuma ya kichaka wachimbaji walijenga ukuta wa mawe ndani ya kilima, na mashimo yamo humo, kavu, hayafikiwi na ferret, yule mnyama wa kufukuzia sungura mashimoni, wala maji. Sungura wa humo hawatoki alasiri kama wenzao. Hutoka adhuhuri, wakati mwindaji anakula. Sijawahi kufyatua risasi yoyote pale, ya kasi wala ya polepole. Hao ndio mbegu yenyewe.

Nimekuambia ili nikuombe usiende. Piga wengine wote. Mwonyeshe mwanamke yule mlima safi, achukue nyasi zake msimu mmoja. Kufika Krismasi atakuwa anagonga mlango tena, na safari hii wewe ndiye utakayepanga masharti. Nyumba itabaki. Oktoba nitaingia kwa miguu yangu.

Mara ya mwisho kuomba kitu kwa mtu ilikuwa kwa yule mwenye shamba, nikiwa mvulana, mkokoteni umeshapakiwa. Nakuomba, Rhona.

Ewart

*

Dunedin
24 Agosti 1991

Rhona,

Wiki mbili. Ama barua yangu imepotea, ama umefikia uamuzi na unaogopa kuniambia. Wewe huogopi, kwa hiyo imepotea. Hiyo ndiyo hesabu yangu.

Nimetembea mpaka lango la nje na kurudi. Bila gongo.

E.

*

Drumlea
31 Agosti 1991

Mjomba,

Barua haikupotea. Sikutaka kukuandikia nikiwa bado sijafanya, kwa sababu ungeniomba mara ya pili, na ya pili sijui kama ningeweza.

Nimewaua wote.

Siku za kwanza nilikwenda bila kupiga. Nililala juu ya ukuta wa mfereji adhuhuri, na mkate mfukoni, nikawatazama. Ni wazuri. Wanono, hawana woga, wanakaa juani wanajinawisha uso kama watu walio kwao. Walikuwa kwao. Hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha kwamba mtu ni kitu cha kuogopwa. Nilifikiri, hawa ndio nyumba yetu, wamekaa pale wanajinawisha uso. Nikarudi nyumbani bila kufyatua na nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nusu yangu ilikuwa tayari kukuandikia: umeshinda.

Siku iliyofuata nilianza. Mita thelathini, nimejificha nyuma ya waridi mwitu, boksi ndani ya shati. Upepo pale ni wa ajabu, nyasi za juu zinalala kusini na zile za mferejini zinalala kaskazini. Risasi ya kwanza ilikwenda pembeni ya sungura upana wa kidole, ikapiga udongo, naye akageuka tu kunusa. Nikasahihisha. Baada ya hapo sikukosa. Hakuna aliyejeruhiwa, Mjomba, nakuapia. Risasi ya kasi moja tu ingewafukia wote ndani ya mawe yale mpaka kiyama. Hizi zilianguka kimya, nao wakaisha kimya, adhuhuri kwa adhuhuri. Wa mwisho alikuwa jike. Alitoka, akakaa juu ya jiwe, akawatafuta wenzake kwa masikio. Nilimngoja ageuze kichwa. Nilisema samahani kwa sauti, na nilikuwa nakuambia wewe.

Leo nimempitisha Bi Haddow mlima mzima kwa miguu. Mbwa hakunyanyua pua hata mara moja. Hakutakuwa na ndege. Amenipa mkono na, nisikufiche, amenipa paja la kondoo. Nilicheka mbele yake mpaka nikashika uzio, naye hakujua kwa nini. Mjenga uzio anaingia wiki ijayo.

Sasa sikiliza. Pettigrew alikuwa na karavani imeoza nyuma ya duka. Nimeipaka rangi, haivuji sana. Kuna mwenye shamba ng'ambo ya safu amesikia habari za mlima huu na anataka wake uwe hivihivi. Nimemwambia masharti: tunakaa kwake mpaka sungura wa mwisho, kisha tunaondoka wenyewe, na hakuna mtu atakayetupatia mkono kwa huruma kwa sababu tutakuwa tumeshapakia. Tukimaliza huko tunakwenda kwingine. Otago ina sungura wa kutosha kunizeesha mimi na kukuzika wewe bila kuacha mbegu hata moja.

Kitanda cha chini ni chako, nyonga haipandi ngazi. Daktari wako nimeongea naye, alisema bado mapema, nikasema anakujua vibaya.

Nakuja Jumamosi. Kama hutaki kuniona, niambie usoni, usiniandikie.

Rhona

*

Dunedin
3 Septemba 1991

Rhona,

Sijakusamehe. Nilipofika “Nimewaua wote” niliitupa barua chini ya kitanda, na bwana wa kitanda cha pili akaiokota kwa gongo langu akaniletea. Nilimtukana. Kisha nikasoma kilichobaki.

Mfereji ule unavuta upepo kinyume na mlima. Sikukuambia. Nilitegemea ukukoseshe. Umesahihisha kwa risasi moja, kitu ambacho babu yako angekitembelea maili kumi kukitazama. Basi. Nimelisema na silirudii.

Huko unakotupeleka nakujua. Ni mawe zaidi ya hapo Drumlea, kila kichwa kizima utakachofyatua kitarudi kukutafuta. Chukua zile zenye tundu. Chukua maboksi yote yenye namba ileile ya kiwandani, usikubali akuchanganyie, maana namba ikibadilika mtutu utaanza kukununia tena katikati ya kazi. Na za kasi zilizobaki kabatini mwachie huyo mjenga uzio atishie kunguru. Nunua za polepole, Rhona. Mwambie Pettigrew atoe zote alizonazo.

Jumamosi saa tatu nitakuwa langoni na mkoba wangu. Dirisha la mbele ni langu.

Barabara ya kwenda huko inapita chini ya Drumlea, na nyumba inaonekana pale kwenye kona. Usipunguze mwendo.

Mjomba wako,
Ewart